Kufanya upekuzi rasmi wa hati ya ardhi Kenya kwa mtandao, na kuusoma vizuri kabla hujatoa pesa

Ukienda kununua ploti, muuzaji atakuonyesha hatimiliki, na mara nyingi atakuonyesha pia cheti cha upekuzi, ile karatasi tuliyozoea kuiita sachi, kikiwa na jina lake na muhuri. Vyote viwili vinaweza kuwa halali. Vinaweza pia kuwa vimechapishwa saiba asubuhi ile ile. Kwa kuvitazama tu hutajua, hata uwe na macho makali namna gani, kwa sababu ukweli kuhusu mmiliki uko kwenye sajili inayotunzwa na Msajili wa Ardhi. Hati ni nakala ya habari zilizomo humo. Sajili ikisema vingine, hati mkononi haitakusaidia.

Habari njema ni kwamba sajili hiyo si siri. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinampa mtu yeyote anayehitaji upekuzi rasmi haki ya kupewa maelezo ya yaliyoandikwa kwenye sajili, pamoja na nakala zilizothibitishwa za nyaraka na ramani, akilipa ada iliyowekwa. Kwa hiyo upekuzi ufanye wewe, kwa akaunti yako na kwa malipo yako, na matokeo yaingie kwako moja kwa moja. Usikubali faili uliyotumiwa na dalali kwa WhatsApp, hata akiwa rafiki wa familia.

Kwanza, pata namba sahihi ya hati

Mwombe muuzaji picha za kurasa zote za hatimiliki, siyo ukurasa wa mbele tu, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Mtu mwenye nia njema ya kuuza hatakunyima. Akikuambia hati iko kwa mwenzake, au iko benki lakini hakuna shida, andika jibu hilo pembeni. Utalihitaji ukifika kwenye sehemu ya rehani.

Namba ya hati ndiyo ufunguo wa kazi yote, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Hati nyingi za mashambani na miji inayokua zina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa mkwaju (alama ya /): eneo kubwa, sehemu ya usajili, halafu namba ya kipande. Iandike kama ilivyo. Hati za upande wa Ngong, kwa mfano, huanza Ngong/Ngong/, na mtu akidhani jina limerudiwa kwa makosa akaliandika mara moja, hatapata kitu. Ploti iliyo Kitengela mjini inaweza kuwa imesajiliwa chini ya Kajiado/Kaputiei North. Jina la mtaa unaoujua na jina lililo kwenye sajili si lazima lifanane, basi usikisie.

Nairobi ina jambo lake. Vipande vingi vilivyokuwa na namba za L.R. (Land Reference) chini ya sheria za zamani vimebadilishiwa namba, sasa vinaitwa Nairobi/Block, ikifuatwa na namba ya bloku na ya kipande. Tangu mwisho wa 2020 Wizara ya Ardhi imekuwa ikichapisha kwenye Gazeti Rasmi la Kenya majedwali yanayoonyesha namba ya zamani na mpya yake. Ukiwa na hati ya zamani na mfumo unakujibu kwamba kipande hakipo, usikimbilie kusema hati ni feki. Tafuta kwanza kama namba imebadilishwa.

Na kama alichonacho muuzaji ni barua ya ugawaji au cheti cha hisa za kampuni ya kununua ardhi, fahamu kwamba hizo si hati. Mwaka 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki. Ni ahadi ya kupewa ardhi ambayo bado ina masharti ya kutimizwa. Hakuna upekuzi wa hati utakaoufanya juu ya kitu ambacho bado hakina hati.

Fungua akaunti

Mfumo wa serikali unaitwa Ardhisasa. Ulizinduliwa tarehe 27 Aprili 2021, ukaanza na Nairobi, na kaunti nyingine zimekuwa zikiingizwa kidogo kidogo kadiri kumbukumbu zao zinavyowekwa kwenye kompyuta. Anwani yake ni ardhisasa.lands.go.ke. Angalia mwisho wa anwani kila mara: tovuti za serikali ya Kenya huishia na go.ke. Ukurasa wenye nembo ya taifa lakini anwani yake inaishia kivingine, uache.

Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, barua pepe na PIN ya KRA. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu mfumo huyalinganisha na kumbukumbu za serikali. Utatumiwa namba ya uthibitisho kwa simu, kwa hiyo tumia laini unayokaa nayo mfukoni. Namba hiyo hapewi mtu yeyote, awe dalali au anayejitambulisha kwamba anapiga kutoka wizarani. Akaunti hii ndiyo itakayotumika siku ukiwa na ardhi yako mwenyewe, na mwenye kuiingia anaweza kuanzisha mambo kwa jina lako.

Mawakili na wapimaji ardhi wana akaunti zao za kitaaluma. Kama uko nje ya nchi na laini yako ya Kenya haipokei ujumbe, wakili ndiye njia iliyo safi zaidi. Ila umtafute wewe, usiunganishwe na muuzaji.

Omba upekuzi na ulipe

Ukishaingia, fungua huduma za usajili wa ardhi, chagua upekuzi, andika namba ya hati na ujaze utakachoulizwa. Soma tena namba kabla ya kutuma. Tarakimu moja ikikosewa utalipia upekuzi wa shamba la mtu mwingine, na jina geni litakalotokea litakutia hofu bure.

Mfumo utatoa ankara. Kwa miaka mingi ada ya upekuzi ilikuwa shilingi 500. Wewe lipa kiasi kilichoandikwa kwenye ankara, si kiasi ulichoambiwa na mtu. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, na kwa M-Pesa namba ya Paybill ni 222222. Namba ya akaunti itoe kwenye ankara yenyewe. Anayekwambia utume pesa kwa namba yake ya simu ili “aisukume faili” anakuomba hongo au anakuibia, na hakuna lililo afadhali kati ya hayo mawili. Hifadhi ujumbe wa malipo na namba ya ombi. Jibu likichelewa, ndivyo utakavyoanza navyo kuuliza.

Kama kaunti ya ardhi unayoitaka haijaingia kwenye Ardhisasa, upekuzi hufanywa kwenye masijala ya ardhi ya eneo hilo. Utajaza fomu ya maombi, uambatishe nakala ya hati, ya kitambulisho chako na ya PIN, ulipe kupitia eCitizen, kisha usubiri. Hapo tena, nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Upekuzi unaofanywa na shemeji wa muuzaji haukusaidii.

Sasa usome cheti

Hapa ndipo ningependa utulie. Watu wengi hukifungua cheti, wakiona jina la muuzaji wanakifunga na kwenda kulipa. Jina ni mstari mmoja tu.

Anza na tarehe na saa. Cheti kinasema hali ya sajili ilivyokuwa dakika ile kilipotolewa. Hakisemi chochote kuhusu kesho yake, wala hakimzuii muuzaji kuuza au kuweka rehani wiki inayofuata.

Sehemu ya kwanza ya sajili inaeleza mali yenyewe: namba, ukubwa, na kama ni ya umiliki wa kudumu au ya kukodishwa na serikali kwa muda. Kama ni ya kukodishwa, tafuta muda huo ulianza mwaka gani. Miaka 99 iliyoanza 1945 iko ukingoni, hata kama nyumba iliyojengwa juu yake inang’aa. Ukumbuke pia kwamba Katiba, kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa njia nyingine isipokuwa kukodishiwa kwa muda usiozidi miaka 99. Mgeni anayekuuzia ardhi ya umiliki wa kudumu, huyo muulize vizuri.

Ukubwa huandikwa kwa hekta, na muuzaji huongea kwa ekari na futi. Piga hesabu. Ekari moja ni karibu hekta 0.405. Ploti ya hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, yaani karibu hekta 0.046. Wengi huiita thumni ya ekari, lakini thumni kamili ni futi za mraba 5,445, hekta 0.051 hivi. Basi ukiuziwa “thumni” na cheti kinasema 0.045, tofauti hiyo umeilipia. Na kama unauziwa ploti moja lakini cheti kinaonyesha hekta mbili au tatu, jua kwamba unaonyeshwa hati mama: shamba halijagawanywa kisheria, na ploti yako bado haipo kwenye sajili. Wapo wauzaji waaminifu wanaouza hivyo huku wakisubiri hati ndogo zitoke. Lakini pesa yote usiitoe kabla namba yako mpya haijazaliwa.

Sehemu ya pili ni ya wamiliki. Linganisha majina yote na kitambulisho, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya kitambulisho ikiwa imeandikwa. Wakiwa wawili au zaidi, wote lazima watie sahihi. Mmoja hawezi kuuza kwa niaba ya wengine bila mamlaka ya kisheria. Kama aliyeandikwa amefariki, simama hapo hapo. Mtoto kuwa na hati ya baba yake hakumpi uwezo wa kuuza. Chini ya kifungu cha 82 cha Sheria ya Urithi, hata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama hawezi kuuza ardhi ya marehemu kabla uteuzi wake haujathibitishwa, na anayegusa mali hiyo bila mamlaka anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 45. Familia nzuri, zenye shida ya kweli ya karo au hospitali, huuza hivi kila siku, na mnunuzi ndiye anayebaki na kesi.

Sehemu ya tatu ni ya mizigo iliyo juu ya ardhi, na ndiyo ninayokuomba uisome mara mbili. Humo utakuta vitu vya aina nne hasa.

Rehani inaonyesha kwamba hati imeshikilia mkopo. Hiyo peke yake haiharibu biashara. Mawakili wa pande zote na benki wanaweza kupanga deni lilipwe kutokana na bei, benki iondoe rehani, na uhamisho ufuate. Kinachokuhusu ni kwamba pesa ipitie njia hiyo, isipitie mikononi mwa muuzaji anayeahidi kwenda kulipa benki mwenyewe. Kumbuka lile jibu la “hati iko benki lakini hakuna shida”.

Tahadhari huwekwa na mtu anayedai ana haki fulani juu ya ardhi: mnunuzi wa awali, mke, ndugu, mdai. Ikiwepo, uhamisho hausajiliwi bila mwenye kuiweka kukubali au bila msajili au mahakama kuiondoa. Muuzaji akisema ni jambo dogo la kifamilia, mwambie alimalize kwanza.

Kizuizi huwekwa na msajili mwenyewe, mara nyingi kuzuia ulaghai au kwa sababu kuna mgogoro. Zuio hutoka mahakamani. Ukikuta lolote kati ya haya mawili, usitoe hata shilingi ya kushikia hadi wakili wako aone amri au barua iliyolileta.

Rudi nyuma, uone hati ilikotoka

Cheti cha kawaida kinaonyesha hali ya sasa. Hakisimulii ardhi ilipitia kwa nani. Zamani wanunuzi wengi waliridhika hapo, kwa sababu kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema hati ni ushahidi wa umiliki. Lakini kifungu hicho hicho kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa mpango wa kifisadi. Tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati kama chimbuko lake lilikuwa na kasoro. Ardhi ile ilikuwa imetengwa kwa matumizi ya umma. Kwamba ilikuwa imeshapita kwa wamiliki kadhaa hakukuitakasa.

Kwa hiyo omba pia nakala iliyothibitishwa ya sajili yote, ile kadi ya kijani kwa ardhi ya umiliki wa kudumu au kadi nyeupe kwa ardhi ya kukodishwa. Isome kuanzia mstari wa kwanza. Ardhi iliyogawiwa familia moja miaka ya sabini, ikakaa kimya, kisha ikabadilisha wamiliki wanne ndani ya miezi michache, inakwambia kitu. Vivyo hivyo ardhi iliyokuwa ya shule, barabara au halmashauri ya mji halafu ghafla ikawa ya mtu binafsi. Ikiwa kuna hati iliyotolewa badala ya iliyopotea, angalia kama tangazo lilichapishwa kwenye Gazeti Rasmi na kama siku 60 za kusubiri pingamizi zilipita.

Ramani na ardhi yenyewe

Upekuzi unakwambia nani anamiliki kipande, haukuonyeshi kipande kiko wapi. Ulaghai mwingine hutumia hati halali kabisa na muuzaji halali kabisa, isipokuwa ploti unayoonyeshwa, ile iliyo kando ya lami, si ile iliyo kwenye hati. Omba ramani ya usajili ya eneo hilo kutoka Idara ya Upimaji, ambayo makao yake yako Ruaraka, Nairobi, kisha mlipe mpimaji mwenye leseni akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, moja baada ya nyingine. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya ardhi, na kwa maoni yangu ndiyo pesa inayolipa zaidi katika safari yote hii.

Ukiwa pale, ongea na majirani. Sheria ya Usajili wa Ardhi, katika kifungu cha 28, inatambua haki ambazo hazijaandikwa kwenye sajili na bado zinaifunga ardhi, kama njia ya kupita na amana za kimila, pale aliyeandikwa anapoishikilia ardhi kwa niaba ya familia au ukoo. Mtu aliyekalia ardhi waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Hakuna cheti kitakachokuonyesha mzee anayelima mahindi pale tangu kabla ya muuzaji kupata hati. Muulize yeye.

Waulizie pia mke au mume wa muuzaji. Ikiwa ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu iuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Na ikiwa ni shamba la kilimo, biashara inahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kinachotakiwa kuombwa ndani ya miezi sita ya mkataba.

Jibu lisipokuja

Faili kupotea au upekuzi kukwama ni mambo yanayotokea, na mara nyingine ni ishara kwamba hati ina tatizo ambalo mtu fulani hataki lionekane. Usitafute njia ya mkato. Andika barua kwa msajili ukitaja namba ya ombi na tarehe ya malipo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na usipojibiwa unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Muuzaji akikuharakisha wakati unasubiri, akisema kuna mnunuzi mwingine mwenye pesa taslimu, mwache auze kwa huyo.

Kabla ya kulipa, na baada

Fanya upekuzi wa kwanza kabla ya kutia sahihi mkataba. Mkataba ukishatiwa sahihi na malipo ya kwanza yametoka, unaweza kuomba msajili aweke tahadhari kwa jina lako chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, kwa kuwa sasa una haki ya kimkataba juu ya ardhi hiyo; hapo haitauzwa kwa mtu mwingine kimya kimya. Fanya upekuzi wa pili asubuhi ya siku ya kulipa salio, na usome tena sehemu ya tatu kana kwamba hujawahi kuiona. Kisha, uhamisho ukisajiliwa na hati mpya ikatoka, omba wa tatu. Huo uangalie jina lako lilivyoandikwa, namba ya kitambulisho chako na ukubwa wa ardhi, na kosa lolote la herufi lirekebishwe wakati faili ingali mezani kwa msajili.